Mgeni Asiyepewa Jembe

(Hotuba niliyoitoa Rotterdam mbele ya Waswahili wenzangu. Nimeiandika kwa ajili ya walioiomba na kwa wale ambao hawakuweza kufika.)

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za jioni. Vijana mliosimama mlangoni, ingieni, viti vipo huku mbele.

Nimeombwa nizungumze kuhusu Thailand, na najua kwa nini. Humu ndani wengi wetu tumeoa au tumeolewa na Waholanzi, na yale maneno ya mezani ya "tukistaafu tunahamia kwenye jua" kwa baadhi yenu yameshakuwa mpango wenye mwaka na hesabu. Wengine jua lenyewe ni la Tanga au Malindi. Wengine mwenzako ameshafungua ramani ya Thailand, anakuonyesha nyumba yenye bwawa la kuogelea kwa bei ambayo hapa hupati hata banda la gari. Mimi na mume wangu tuliifungua ramani hiyo hiyo. Tukakaa Hua Hin miaka minne, tangu 2017, na katika miaka hiyo nikawa mtu wa kuwasindikiza wazee wa Kiholanzi hospitali na maofisini, kwa sababu nilijifunza Kithai cha sokoni mapema kuliko wao, na kwa sababu hapa Uholanzi kazi yangu ilikuwa kutunza wazee. Ninayowaambia niliyaona kwa macho yangu.

Hua Hin ni mji wa pwani, kiasi cha kilomita 200 kutoka Bangkok, kwenye Ghuba ya Thailand. Mfalme wa nchi ile alijenga kasri lake la mapumziko hapo miaka ya 1920, akaliita Klai Kangwon, maana yake "mbali na wasiwasi". Mume wangu alilipenda jina hilo, akawa analitaja kila anapozungumza na ndugu zake kwenye simu. Waholanzi wa Hua Hin na mji jirani wa Cha-am wana chama chao. Tarehe 27 Aprili, siku ya mfalme wao, wanavaa rangi ya chungwa katika joto ambalo hata mimi wa Tanga lilinishinda. Jioni ya tarehe 5 Desemba wanawagawia wajukuu zawadi za Sinterklaas, sikukuu yao ya watoto, siku ile ile Wathai wanapoadhimisha kuzaliwa kwa marehemu mfalme Bhumibol, ambayo ndiyo siku yao ya akina baba. Nilikuwa nikipita barabarani naona mishumaa ya Wathai upande huu, na upande ule nasikia nyimbo za watoto wa Kiholanzi. Ilikuwa inapendeza kweli.

Kila Jumatano asubuhi baadhi ya wazee hao walikutana mgahawani karibu na ufukwe. Kahawa, biskuti, na anayetoka likizo Uholanzi alikuwa analeta zile peremende nyeusi za chumvi. Na malalamiko. Ndugu zangu, nilikaa kwenye meza ile miaka minne, naweza kuwasomea malalamiko yale kwa moyo.

Mbwa wa mtaani wanaolala katikati ya njia na kumfukuza mtu mwenye baiskeli. Kipaza sauti cha kijiji kinachoanza saa kumi na mbili asubuhi. Mbuga ya taifa ya Khao Yai, ambako Mthai analipa baht 40, baht ndiyo pesa yao, na mgeni anatozwa 400, hata kama mgeni huyo amejenga nyumba hapo na mkewe ni Mthai. Stakabadhi yenye mwaka 2561, kwa sababu kalenda yao ya Kibudha iko mbele ya hii yetu kwa miaka 543, na mzee mmoja alipeleka madai yake ya bima Uholanzi yakarudishwa kwa kuwa na tarehe isiyoeleweka. Lugha yenye toni tano, ambamo silabi moja ukiipandisha au kuishusha umesema neno jingine kabisa. Moshi wa mashamba yanayochomwa.

Lakini lililowaumiza kuliko yote lilikuwa neno "ndiyo". Fundi anaulizwa, "Utakuja kesho?" Anasema ndiyo, na kesho haji. Mholanzi anaona amedanganywa. Wathai wana neno lao, kreng jai, na wale wazee walilitamka kama jina la ugonjwa. Mimi halikunisumbua, kwa sababu kwetu pwani tunalo: ni haya, ni kumstahi mtu, ni kutotaka kumtia mwenzio uzito wa "hapana" usoni. Nikiwa mdogo, bibi yangu angekata ulimi kuliko kumwambia mgeni kwamba hakuna chakula. Siku moja mzee mmoja alimkaripia fundi wa mabomba mbele ya mkewe na majirani, kwa haki kabisa, maana bomba lilikuwa linavuja mara ya tatu. Fundi akatabasamu, akakusanya vifaa vyake. Hakurudi tena, na wala fundi mwingine wa mtaa ule hakuja. Nilijaribu kumweleza mzee kwamba pale hakulalamikia bomba, alimvua mtu nguo hadharani. Akaniambia, "Nilisema ukweli tu." Na ni kweli alisema ukweli. Nilimwonea huruma, kwa sababu huko alikotoka ukweli ndiyo heshima.

Mwanzoni nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka. Nilijiuliza, kama mbwa na kipaza sauti vinawatesa namna hii, kwa nini hawarudi kwao? Halafu usiku mmoja nikajikumbuka mimi mwenyewe.

Wengi wenu mliufanya ule mtihani wa lugha na jamii kabla ya kupewa viza ya kuja kwa mwenzi. Umewekwa tangu 2006. Mimi niliufanyia Dar es Salaam mwaka 2008, kwenye ubalozi, nikizungumza na kompyuta kupitia simu, nikiwa nimekariri maswali 100 ya kitabu cha picha. Nikapita, nikafika Zwolle mwezi wa Novemba. Mwaka wangu wa kwanza wote nililalamikia mkate. Mkate asubuhi, mkate mchana, wenye jibini baridi, watu wazima wanakula kitu baridi saa saba mchana na kusema wameshiba! Nilimpigia dada yangu kila wiki kumweleza habari ya mkate. Lakini mkate haukuwa na kosa. Tanga nilikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake, watu wanapanga foleni kabla ya Idi. Zwolle sikuweza hata kufungua barua iliyoandikwa jina langu, nikisubiri mume atoke kazini anisomee. Kilichokuwa kinaniuma ni hicho, ila mkate ndio niliokuwa na maneno ya kuusemea.

Basi Jumatano iliyofuata nikawasikiliza wazee kwa sikio jingine.

Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huuchukulia usemi huu kama wa kumfukuza mgeni. Mimi nauona ni wa kumkaribisha: kwamba kuanzia leo wewe ni wa hapa, njoo tulime. Sasa huko Thailand mstaafu wa kigeni hapewi jembe. Kibali anachokaa nacho hakimruhusu kufanya kazi. Aliyekuwa mwalimu miaka arobaini hawezi kufungua darasa, na aliyekuwa fundi umeme hawezi kutengeneza nyaya za watu kwa malipo. Hata nyumbani: mzee mmoja mwenye asili ya Groningen, mtoto wa mkulima, alianza kulima bustani nyuma ya nyumba ya mkewe kijijini. Mama mkwe akaja akamnyang'anya jembe kwa upole, akampa kijana wa jirani, kwa sababu watu wangesema binti yake anamfanyisha mume kazi juani. Ilikuwa heshima kubwa kwa mila yao. Mzee akakaa barazani. Mbwa wakaanza kumkera mwezi ule ule.

Na kibali chenyewe niwaeleze vizuri, maana humu kuna watu wanapanga hesabu. Lazima uwe umefikisha miaka 50. Lazima uwe na baht 800,000 katika benki ya Thailand, kwa jina lako, zikae miezi miwili kabla ya kuomba na miezi mitatu baada ya kupewa, kisha zisishuke chini ya 400,000 mwaka mzima. Au uthibitishe kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Ada ni baht 1,900. Ukipewa, unapewa mwaka mmoja. Kila baada ya siku 90 unaripoti kwamba bado unaishi unapoishi. Mwenye nyumba naye anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24 kwamba kuna mgeni kwake. Ukitoka nje ya nchi kwenda kumzika mama yako Utrecht bila kuchukua kwanza ruhusa ya kurudia, kibali kimekufa. Nimeliona hilo likitokea kwa mtu aliyekuwa na msiba, na ofisa aliyemhudumia aliporudi alikuwa mpole sana, lakini sheria ilikuwa imeshasema.

Mwaka mmoja mmoja. Ukaazi wa kudumu upo kisheria, nafasi 100 kwa mwaka kwa kila uraia, lakini mlango wa mstaafu hauelekei huko. Nilimsindikiza mzee aliyekuwa na miaka 19 nchini. Mwaka wa 19 alibeba nakala zile zile, picha ya nyumba ile ile, ramani aliyoichora kwa mkono ya njia ya kwenda kwake, akaketi kwenye foleni na watalii waliofika mwezi uliopita. Mimi hapa Uholanzi, pamoja na mikwaruzo yote mnayoijua, baada ya miaka mitatu ya kukaa na mume wangu niliruhusiwa kuomba uraia. Mlango ulikuwa mwembamba, ila ulikuwepo. Yule mzee mlango wake ni dirisha, linafunguliwa mara moja kwa mwaka.

Siwalaumu Wathai kwa hili, na naomba tuelewane. Ile nchi haikutawaliwa na Mzungu yeyote, na inajivunia. Mwaka 1608 wajumbe wa mfalme wa Siam, jina la zamani la Thailand, walifika The Hague wakapokelewa na Prince Maurits, kiongozi wa Waholanzi. Kampuni ya Kiholanzi ya VOC ikawa na kituo chake Ayutthaya, mji mkuu wa wakati ule, kando ya mto, ikinunua ngozi za kulungu za kupeleka Japani. Ukienda leo, mahali pale pana makumbusho yanayoitwa Baan Hollanda. Wafanyabiashara wale walikaa kwa hisani ya mfalme, wakajipinda mbele yake kama wageni wengine. Indonesia Mholanzi alikuwa bwana. Siam hakuwahi kuwa. Kwa hiyo mstaafu anapotua Bangkok hakuna cheo kinachomsubiri, na nadhani wengine ni mara yao ya kwanza maishani kuingia mahali ambapo paspoti yao haiwatangulii.

Pesa. Hapa nitakwenda haraka, ila sikilizeni. Aliyehamia mwaka 2008 alipata takribani baht 50 kwa yuro moja. Mwanzoni mwa 2020 alipata kama 33 au 34. Pensheni ya yuro 1,200 iliyokuwa baht 60,000 ikawa 40,000, na mzee hajabadilisha chochote, ni yule yule na mchele wake. AOW, ile pensheni ya uzeeni mnayoikusanya hapa asilimia 2 kwa kila mwaka wa kuishi au kufanya kazi, peke yake haifiki zile 65,000. Ninyi mliokuja na miaka 30 au 35 mjue hamtakuwa na AOW kamili hata mkibaki hapa hapa, na ukihama unaacha kukusanya, isipokuwa ukijiunga na ule mpango wa hiari wa SVB, ofisi inayolipa AOW, ambao mwisho wake ni miaka 10. Tangu tarehe 1 Januari 2024 Thailand nayo inaangalia kodi ya mapato yanayoingizwa kutoka nje na mtu anayekaa siku 180 au zaidi kwa mwaka. Wenzangu waliobaki wananiandikia usiku kuniuliza. Nawaambia watafute mtu wa kodi, wasiniulize mimi.

Halafu kuna uhakiki. Wazee wetu wastaafu Tanzania wanajua maana ya kuitwa kuhakikiwa, ukasafiri na fimbo yako hadi wilayani kuonyesha kwamba hujafa. SVB nao wanatuma fomu ya cheti cha uhai, unaipeleka ofisi ya hifadhi ya jamii ya Thailand igongwe muhuri. Fomu ikipotea kwenye posta, pensheni inaweza kusimama. Na siku hizi unaambiwa utumie DigiD, ule utambulisho wa mtandaoni wa serikali ya hapa, na kama uliuandikisha kwa namba ya simu ya Uholanzi, namba ya siri inaletwa kwenye namba ile uliyoacha kuilipia. Benki moja ya hapa iliwaandikia wateja wake waishio nje ya Ulaya kwamba inafunga akaunti zao. Mama mmoja wa miaka 78 aliileta barua hiyo mezani kwetu, ameikunja mara nne. Alikuwa mteja wa benki hiyo tangu mshahara wake wa kwanza. Akasema, "Kule ni mgeni, na huku nimeshakuwa mgeni." Siku ile hakuna aliyezungumzia mbwa.

Afya ndiyo imenifanya nikubali kusimama hapa.

Hapa Uholanzi kampuni ya bima haiwezi kukukataa kwa bima ya msingi, hata uwe na moyo, sukari na figo. Tumezoea, tunaona ni kama maji ya bomba. Ukikaa nje zaidi ya miezi minane katika kumi na miwili, unatakiwa ujiondoe kwenye daftari la wakazi, na bima ile unaipoteza. Thailand unanunua ya binafsi, nayo ina haki ya kukuuliza maswali. Mzee wa miaka 69 aliyewahi kuwekewa vyuma kwenye mishipa ya moyo anaambiwa: tutakukatia, ila moyo hatulipi. Mwingine anakataliwa kabisa. Na ada inapanda kila unapoongeza miaka, hadi siku ambayo unaihitaji zaidi ndiyo siku ambayo huiwezi.

Mkewe Mthai ana kadi ya serikali, ule mpango wa matibabu wa baht 30 ulioanza 2001, umeenea nchi nzima na ni jambo la kujivunia kwao. Mume hana. Wanaingia hospitali moja ya serikali, wanaketi benchi moja tangu alfajiri, daktari ni mmoja na ni mzuri, lakini bili inakuja kwa mmoja tu. Nilikaa na wanandoa kama hao. Yule mama alikuwa akimvuta mumewe shati ili amwoneshe kadi yake, akimuuliza kwa nini wasiitumie hiyo. Nilishindwa kutafsiri.

Wako wazee, zaidi ya mmoja, ambao nilijua wana uvimbe au maumivu ya kifua na hawaendi kupima. Mezani walizungumzia bei ya ile mbuga. Baht 400, yuro kumi na kitu. Mtu hawezi kugombana kwa hasira ile kwa ajili ya yuro kumi.

Na wake zao? Naomba niseme, maana hapa Ulaya mwanamke wa Kithai akionekana na mzee wa Kizungu watu wanacheka pembeni, kama walivyotucheka baadhi yetu. Wengi niliowajua walikuwa wakiwaogesha waume zao, wakiwakata kucha, wakijifunza kuchoma sindano ya insulini. Mahari wanayo, inaitwa sin sod, inawekwa hadharani siku ya harusi watu waione. Waholanzi walinijia na lalamiko kwamba "nimeoa mtu mmoja nimepata ukoo mzima". Niliwajibu kama ambavyo ningemjibu mume wangu: mtoto ana deni kwa mama aliyemlea, na ukimwoa mtoto umeingia kwenye deni. Wapo waliokamuliwa, sikatai, na nyumba ikiwa imejengwa kwenye ardhi ya mke, kwa kuwa mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi, ukitengana unatoka na sanduku. Zipo njia za kujikinga, mkataba wa kupangisha wa miaka 30 au haki ya kutumia nyumba maisha yako yote iandikwe ofisi ya ardhi. Fanyeni hayo mapema, mkiwa bado mnapendana.

Lakini tazameni upande wa pili, ambao kwenye ile meza haukuzungumzwa mpaka tulipopata msiba. Zile baht 800,000 zinatakiwa ziwe kwenye akaunti ya mume peke yake. Mume akifa, benki inaifunga. Mke aliyemuuguza miaka sita hawezi kutoa hata pesa ya mazishi hadi mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Sisi Watanzania tunajua habari ya barua za mirathi, tunajua mjane anavyozungushwa. Kama hawakufunga ndoa rasmi, na hakuna wosia, yeye si mrithi, na wanaorithi ni watoto wa Uholanzi ambao pengine hawajawahi kumwona. Tulimzika mzee mmoja, yaani walimchoma hekaluni kwa desturi yao, watawa wakasoma siku tatu, na gharama zote alizitoa mama mmoja muuza matunda, jirani yake, kwa mkopo wa maneno tu. Wosia wa Thailand ni karatasi mbili na mashahidi wawili. Ungemaliza hilo.

Nimebakiza habari ya yule mzee wa jembe, nilimwacha barazani.

Kijiji chake kiko bara kidogo, upande wa Pranburi, kusini mwa Hua Hin. Kipaza sauti kilikuwa juu ya nguzo mita chache kutoka chumbani kwake. Mkuu wa kijiji hutangaza humo asubuhi: maji yatakatika, daktari wa chanjo anakuja, fulani ana msiba. Mzee aliandika barua mbili kukilalamikia, mkewe akazificha zote mbili kwa aibu. Hakuelewa neno hata moja la matangazo, alisikia kelele tu.

Mwaka 2019 alianguka bafuni, nyonga ikavunjika. Alilazwa hospitali ya serikali majuma kadhaa, na mkewe hakujua kuendesha gari. Nilipokwenda kumtazama nilikuta watu wengi wodini wasiofahamiana nami, yule kijana aliyepewa jembe, bibi mwenye chungu cha supu, mwanamume mwenye pikapu anasubiri nje. Nikamuuliza mkewe wamejuaje. Akasema mkuu wa kijiji alitangaza. Kila asubuhi, saa kumi na mbili: mzee wetu wa Holland yuko wodi namba fulani, leo nani ana gari la kumpeleka mkewe?

Nikamtafsiria mzee. Alinitazama kwa muda. Akaniuliza, "Walilitaja jina langu?" Nikamuuliza mkewe, akalitamka kama linavyotamkwa pale kwenye kipaza sauti, jina la silabi moja limevutwa likawa mbili, na toni imepanda mwishoni. Mzee akaomba alirudie. Akalirudia. Watu wa vitanda vya jirani nao wakalirudia.

Aliporudi nyumbani na gongo lake alitaka kitanda kihamishiwe chumba cha mbele, upande wa nguzo. Mara ya mwisho kuwatembelea, kabla hatujafunga mizigo yetu, tulilala kwao. Nilipoamka saa kumi na moja na nusu nikamkuta barazani, giza bado, ana daftari la mistari na kalamu. Alikuwa anasubiri matangazo ayaandike kama anavyoyasikia, kwa herufi za Kiholanzi, mkewe akiamka amweleze maana. Ukurasa wa siku ile juu ulikuwa na neno moja la Kithai analolijua tayari, "naam", yaani maji.

Karatasi yenye mambo ya wosia, bima na ile fomu ya SVB iko mezani pale mlangoni, chukueni. Mwenye swali la faragha nitakuwepo hadi ukumbi ufungwe. Asanteni kwa kunisikiliza.